Ukianza Kuhamisha Fungu la Vitabu, Limalize

Juzi nilipata ujumbe wa mkutubi kijana anayefuatilia makala zangu. "Shikamoo mwalimu," aliandika, "samahani kwa usumbufu. Maktaba yetu bado inatumia toleo la 19 la Dewey, na sasa tumepata toleo la 23. Mkuu wangu anasema vitabu vipya tuvipe namba mpya, vya zamani tuviache vilivyo, maana hatuna watu. Moyo wangu unakataa ila sina la kumwambia."

Kwa asiyeijua, Dewey ni mfumo wa kupanga vitabu vya maktaba kwa namba kufuata somo la kila kitabu, na fungu ni kundi la namba za somo moja. Nilimjibu siku hiyohiyo: marahaba, na moyo wako uko sahihi. Lakini jibu hilo fupi halikuniridhisha. Maneno hayo, "vya zamani tuviache vilivyo," niliyasikia mimi mwenyewe nikiwa na umri kama wake, na yalinigharimu sehemu nzuri ya ujana wangu kazini. Kwa hiyo leo naandika kwa kirefu, na nawaandikia wote, kwa sababu najua kila aliyesomea ukutubi akaipenda kazi hii ana ndoto ileile: uikute maktaba imevurugika, uiache imenyooka.

Maktaba niliyoanzia kazi ilikuwa ya chuo, na ilikuwa na vitabu vizuri. Walionitangulia walikuwa wamepokea toleo la 21 la Dewey, lile la 1996, wakapitisha uamuzi huohuo: kuanzia sasa vitabu vipya vifuate toleo jipya, vya zamani vibaki. Kwenye karatasi uamuzi huo unaonekana wa busara. Haugharimu kitu, haumsumbui mtu, na kila kitabu kipya kinapata namba sahihi. Ubaya wake huuoni mpaka usimame mbele ya rafu, kwa hiyo twende kwenye rafu.

Hadi toleo la 20, biolojia kwa ujumla ilikaa 574, na ekolojia ilikuwa humohumo, 574.5. Namba 572 ilikuwa ya mbari za binadamu. Namba 575 ilikuwa ya mageuko na jenetiki, 576 ya vijiumbe, 577 ya asili ya uhai, 578 ya hadubini, 579 ya ukusanyaji na uhifadhi wa vielelezo. Toleo la 21 lilibomoa fungu hilo likalijenga upya. Biolojia ikahamia 570 na 574 ikaachwa tupu. Namba 572 ikawa biokemia, 576 ikawa jenetiki na mageuko, 577 ikawa ekolojia, na vijiumbe vikapelekwa 579 pamoja na kuvu na mwani.

Umeliona tatizo? Namba hazikuongezwa tu. Zilezile za zamani zilipewa maana nyingine. Kwa hiyo kwenye rafu yetu, 576 ilikuwa na vitabu vya bakteria vyenye lebo zilizogeuka rangi, na katikati yake vitabu vipya vya jenetiki vyenye lebo nyeupe. Namba 572 ndiyo iliyoniuma zaidi. Kitabu cha biokemia cha mwaka wa kwanza, cha picha za rangi, kilikuwa kimeegemeana na vitabu vya zamani vya kuwagawa watu kwa mbari zao, kana kwamba ni somo moja. Kitabu cha Darwin juu ya chanzo cha spishi tulikuwa nacho katika chapa mbili. Ya zamani ilikaa 575.0162, mpya ikakaa 576.82. Msomaji aliyeikuta moja hakuwa na namna ya kujua kuwa ya pili ipo.

Siku moja mwanafunzi alikuja mezani kwangu akasema maktaba haina vitabu vya jenetiki. Alikuwa ameandika 576.5 kwenye kiganja, amekwenda rafuni, amekuta nafasi iliyo wazi kwa sababu vile vichache vipya vilikuwa vimeazimwa. Nilimpeleka 575.1. Vilikuwepo, safu nzima, vina vumbi. Aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu la heshima kwake: "Sasa kwa nini mmevificha?"

Hapo ndipo nilipoandika pendekezo. Sikutaka maktaba nzima ihamishwe. Nilitaka fungu la 570 tu, kuanzia kitabu cha kwanza hadi cha mwisho, na nilionyesha rafu kwa rafu ni wapi namba zimegongana. Nililipeleka kwenye kamati. Mwenyekiti hakulifungua. Alisema namba ni namba tu, mwenye shida ya kitabu atakitafuta, na kwamba haba na haba hujaza kibaba: vitabu vipya vitaongezeka, vya zamani vitachakaa, mambo yatajinyoosha yenyewe. Wajumbe wakacheka kidogo, wakahamia ajenda inayofuata. Kicheko kile ninacho hadi leo. Sikudharauliwa mimi tu. Ilidharauliwa kazi yetu, kana kwamba kuainisha vitabu ni kubandika vikaratasi.

Nikarudi kusoma. Nilitaka kujua kama mimi ndiye niliyekosea, na nilichokikuta kilinipa nguvu ya kungoja.

Melvil Dewey alitoa mfumo wake mwaka 1876, kijitabu cha kurasa 44 kisicho hata na jina la mwandishi. Miaka tisa baadaye, katika toleo la pili la 1885, alitoa ahadi kwa maktaba zilizokwisha kumfuata: namba hazitahamishwahamishwa tena. Alijua kuwa mkutubi haogopi namba ndefu wala ngumu. Anachoogopa ni kufuta aliyokwisha kuandika kwenye migongo ya vitabu. Ahadi hiyo ndiyo iliyoueneza mfumo, na ndiyo pia iliyoubana, kwa sababu elimu haikukaa pale ilipokuwa mwaka 1885. Miongo kadhaa mfumo ukawa unaongezewa tarakimu upande wa kulia huku mifupa yake ikibaki ileile.

Kisha wahariri wa mfumo wakaja kufanya kinyume chake. Toleo la 15 la mwaka 1951 lilitaka kuufanya mfumo mwepesi. Toleo la 14 lilikuwa na vipengele zaidi ya 30,000. La 15 likavipunguza hadi chini ya 5,000, na masomo mengi yakahamishwa kwa mpigo. Maktaba nyingi zililikataa. Zikaendelea na la 14, la mwaka 1942, mpaka toleo la 16 lilipotoka 1958 na kurudisha imani. Nawaomba vijana wakumbuke tukio hilo kila wanaposhikwa na hamu ya kubadilisha kila kitu kwa pamoja.

Njia waliyoishika wahariri baada ya hapo ndiyo niliyoiamini. Kila toleo walichagua fungu moja au mawili yaliyozeeka kabisa, wakayaandika upya kutoka mwanzo, na mengine wakayagusa kidogo tu. Mwaka 1958 zilikuwa sehemu za kemia. Mwaka 1965 saikolojia. Mwaka 1971 sheria na hisabati, 1979 sosholojia, 1989 muziki, 1996 biolojia na utawala wa umma. Hawakuwahi kuandika upya nusu ya muziki wakaacha nusu nyingine ya zamani ikae nayo namba moja. Na hata wenzetu wa UDC, mfumo mwingine wa kuainisha vitabu kwa namba, ulioanzishwa na Paul Otlet na Henri La Fontaine kwa kutumia Dewey kama msingi, walipoihamisha lugha kutoka kundi la 4 kwenda la 8 katika miaka ya 1960, kundi la 4 waliliacha wazi, na wazi limebaki. Hawakukimbilia kulijaza, kwa sababu walijua kuna maktaba ambazo migongo ya vitabu vyake bado inasema 4.

Kwa hiyo ile haba na haba ya mwenyekiti ilikuwa kweli upande mmoja tu. Unaweza kwenda fungu kwa fungu, hata kama itachukua miaka. Lakini ndani ya fungu moja hakuna haba na haba. Ukiyavulia maji nguo huna budi kuyaoga. Kuhamisha vitabu vipya peke yake ni kama kuhama nyumba ukawaacha watoto kule ulikotoka: wanaowatafuta hawajui wagonge mlango upi.

Uongozi ulibadilika. Mkuu mpya alikuja, akapita rafuni mwenyewe, akasimama pale 572, akaita jina langu. Sitaeleza vikao vilivyofuata, vilikuwa kama vikao vyote. Tulipewa likizo ya wanafunzi, wasaidizi wachache wa kujitolea, printa ya lebo na troli.

Sasa niseme namna tulivyofanya, maana hapa ndipo miradi mingi inapofia.

Jambo la kwanza, kabla ya namba yoyote, tulitoa vitabu vyote ambavyo havikustahili kuhamishwa. Kitabu kilichochanika, kilichopitwa na elimu, kisichoazimwa miaka na miaka na kisicho na thamani ya kihistoria, hakihitaji lebo mpya, kinahitaji kuondolewa kwa utaratibu na rekodi yake kufutwa. Hili peke yake lilipunguza kazi kuliko mtu yeyote alivyotegemea. Wakutubi tuna huruma na vitabu, najua, lakini usimvalishe nguo mpya anayeondoka.

La pili, tulichapa orodha ya fungu zima kwa mpangilio wa rafu, tukaandika pembeni mwa kila namba ya zamani ile mpya. Haya yalifanyika mezani, kwa utulivu, majedwali yakiwa wazi mbele yetu, na si wakati umeshika kitabu mkononi na troli inakungoja. Namba za 574.5 zilikwenda 577 bila ubishi mwingi. Zile za 574.92, viumbe vya baharini, zilikwenda 578.77. Lakini kuna vitabu vilivyotaka kufunguliwa na kusomwa utangulizi, kwa sababu toleo jipya linatanguliza mchakato wa ndani wa mwili pale ambapo la zamani lilitanguliza kiumbe chenyewe. Kitabu cha zamani cha fiziolojia ya wanyama hukihamishi kwa kutazama jalada.

La tatu ndilo naliomba mlikariri: rekodi, mgongo na rafu vibadilike siku moja. Tulichukua kipande kidogo tu cha rafu kwa wakati, troli moja. Rekodi inafunguliwa, namba inabadilishwa, lebo inachapwa, ya zamani inabanduliwa, mpya inabandikwa, mtu wa pili anasoma lebo kwa sauti huku wa kwanza akitazama skrini, kisha kitabu kinakwenda mahali pake papya. Troli haikulala njiani. Kitabu ambacho rekodi yake inasema 576.5 na mgongo wake unasema 575.1 kimepotea hata kama unakiona.

Wanaotumia Koha, programu ya kuendesha maktaba, au nyingine inayofuata MARC, muundo wa kuandika rekodi za vitabu kwenye kompyuta, wasikilize hapa. Namba ya Dewey inakaa kwenye uga wa 082 wa rekodi ya kitabu, lakini namba inayomfikisha msomaji rafuni iko kwenye taarifa za nakala. Kubadilisha 082 peke yake hakubadilishi nakala. Nimeona maktaba iliyobadilisha mamia ya rekodi ikashangaa kwa nini katalogi bado inaonyesha namba za zamani. Badilisha pote pawili. Na namba ya zamani usiifute kwenye rekodi: 082 inaruhusiwa kurudiwa, na kila moja ina sehemu ya kutaja toleo lake. Acha ya zamani ikiwa na alama ya toleo la 20, ongeza mpya yenye alama ya 23. Siku mhadhiri atakapokuja na orodha aliyoiandika zamani, utampata kitabu chake.

Tulimaliza. Wanafunzi waliporudi, 576 ilikuwa jenetiki na mageuko tu, na chapa mbili za Darwin zilikuwa bega kwa bega. Katika ripoti ya mwaka mradi uliandikwa kama "uboreshaji wa mfumo wa kompyuta," na jina langu halikuwemo wala la wale wasaidizi waliobandua lebo mpaka vidole vikawa na gundi. Nimeyasamehe mengi katika kazi hii. Hilo la wasaidizi bado linaniuma, kwa sababu wao hawakuwa na mshahara wa kuwafariji.

Kwa kijana aliyeniandikia, hali yako ni nyepesi kuliko unavyoiona. Usiende kwa mkuu wako na maktaba nzima. Nenda na fungu moja, na kwa maktaba iliyobaki toleo la 19, fungu hilo ni kompyuta. Zamani kompyuta ziliwekwa 001.64, kijikona ndani ya maarifa kwa ujumla. Mwaka 1985 zilipewa namba zake, 004 hadi 006, na toleo la 20 likaziweka ndani ya mfumo. Nenda 001.64 na troli, tazama miaka ya vitabu vilivyoko pale. Vingi havitastahili lebo mpya. Vitakavyobaki mtavimaliza, na mkuu wako ataona kwa macho fungu lililohama likakamilika. Kisha nenda kwenye biolojia, ambako ndiko kazi ilipo, na huko usianze mpaka uwe na uhakika wa watu na muda wa kuimaliza. Kama huna, baki na namba za zamani za biolojia kwa vitabu vyote, vipya pamoja na vya zamani. Ndiyo, nasema hivyo: toleo la zamani lililo kamili linamtumikia msomaji kuliko matoleo mawili yanayogombana kwenye rafu moja. Mwalimu wako chuoni hatapenda kusikia hivyo. Msomaji atakushukuru.

Na tusidhani kuwa kuhuisha ni kufuata tu kila kinachotoka kwa wahariri. Mfumo una mapendeleo ya waliouandika. Kundi la 200 limewapa Ukristo na Biblia sehemu kubwa, 220 hadi 280, na dini nyingine zikabanwa 290, Uislamu ukiwa 297. Fasihi ya Kiingereza ya Marekani ina 810 nzima, ya Uingereza 820, ya Kijerumani 830, ya Kifaransa 840. Fasihi za lugha za Afrika zimekusanywa 896, na ya Kiswahili inakuja 896.392. Riwaya ya Kiingereza inapata lebo ya tarakimu tatu, riwaya ya Kiswahili inapata saba kabla hujaandika herufi za mwandishi. Mkutubi Dorothy Porter, aliyeanza kuujenga mkusanyo wa vitabu vya watu weusi katika Chuo Kikuu cha Howard mwaka 1930, alikuta maktaba zinazotumia Dewey zikipeleka karibu kila kitabu cha mwandishi mweusi 325 au 326, ukoloni na utumwa, hata kikiwa cha mashairi. Alikataa. Aliviweka kwa masomo yake na kwa waandishi wake, mashairi yakawa mashairi. Hakungoja toleo jipya.

Lakini kukataa kwake kulikuwa na utaratibu, na hapo ndipo nawasihi wenzangu. Usibuni namba kichwani. Majedwali ya Dewey yenyewe yanatoa hiari kwa maktaba inayotaka kuipa fasihi fulani nafasi ya mbele: unaweza kuiweka 810, au ukatumia herufi mahali pa tarakimu ya pili. Mimi napendelea herufi. Ukiiweka 810, kila rekodi utakayonakili kutoka maktaba nyingine itakuja na 810 ya Wamarekani, na utakuwa umetengeneza mgongano uleule niliokuta kwenye 576. Herufi haigongani na mtu. Chagua, hamisha fungu lote la fasihi hiyo, kisha andika uamuzi kwenye daftari la maamuzi linalokaa mezani pa waorodheshaji: hiari ipi, tarehe gani, kwa sababu gani, na namba zipi zimeachwa tupu. Maktaba nyingi nilizopita hazina daftari hilo. Mkutubi mpya anakuta herufi kwenye mgongo wa kitabu, anadhani ni kosa, anaanza "kurekebisha" kimoja kimoja, na baada ya muda fungu liko nusu huku na nusu kule.